Saiti za bastola: nimebadilisha mara mbili, bado risasi zinatua chini. Nakosea wapi?

#1 Mzee Kijana

Wakuu, salaam kwenu.

Nina Glock 19 ninayopigia shabaha za karatasi na mashindano madogo ya klabu, mita 7 hadi 25. Nimeshavuka miaka 48. Ilikuja na saiti zake za kiwandani (vile vijichuma viwili vya kulengea juu ya bastola), kitone cheupe mbele na mstari mweupe wa umbo la U nyuma, na sikuwahi kuzilalamikia hadi mwaka jana. Nguzo ya mbele, yaani saiti iliyo upande wa mdomo wa mtutu, ikaanza kuwa na ukungu. Nikikaza jicho inatulia sekunde moja, kisha inapotea tena.

Nikaona dawa ni kununua. Kwanza nikaweka saiti za tritiamu, zile za vitone vitatu vinavyong'aa gizani. Usiku chumbani zinapendeza kama taa za mapambo. Mchana uwanjani naona vitone vitano badala ya vitatu. Nikazitoa. Nikanunua nguzo ya mbele yenye uzi wa faiba wa kijani unaokusanya mwanga, nyuma nikarudisha ile ya kiwandani. Sasa kijani nakiona vizuri, ila risasi zote zinatua chini, kama sentimita 8 kwenye mita 15.

Rafiki yangu ananiambia niache ubishi nifunge doti, kile kioo kidogo chenye nukta ya mwanga ya kulengea. Kabla sijatoa hela mara ya tatu, nisaidieni: mtu anachaguaje saiti?

#2 Doti_Tu

Funga doti, mzee. Uzi ufungwe.

#3 Nguzo Nyeusi

Huyo #2 msameheni, leo betri yake imejaa.

Mzee Kijana, kabla hujamsikiliza mtu yeyote humu, mimi nikiwemo, jibu hili: hizo sentimita 8, matundu yanakaa pamoja au yamesambaa kama mtama uliomwagika?

#4 Fundi Tupa

Swali la #3 ndilo la kuanzia. Risasi ikienda chini watuhumiwa ni wawili, mkono na chuma.

Weka mikono juu ya mfuko wa mchanga, piga tano polepole kwenye mita 15. Kisha mpe mwenzako anayejua kupiga, naye apige tano. Matundu yakikaa pamoja na yote yakawa chini palepale kwa wote wawili, kosa ni la saiti. Yakisambaa, na wewe wa mkono wa kulia yakaelekea chini kushoto, saiti usiiguse. Hapo unakamua bastola kwa kiganja kizima badala ya kuvuta triga kwa kidole, au unaushtukia mlio kabla haujalia. Nimeona watu wanasogeza saiti ya nyuma ili kufidia mkono mbovu. Siku mkono ukipona, saiti ndiyo inakuwa mbovu.

Ila kwa maelezo yako nina shaka na chuma. Umenunua nguzo ya mbele peke yake, na hukutaja urefu wake. Saiti ni mke na mume, zinapimwa kwa pamoja. Watengenezaji wengi wa nguzo za faiba huzifanya ndefu kwa sababu huwa wana saiti ya nyuma ya kwenda nazo, nayo ndefu. Wewe umechukua nusu ya ndoa.

Hesabu yake hii hapa, iandikeni mahali:

umbali kati ya saiti mbili × kosa kwenye shabaha ÷ umbali wa shabaha = milimita za kurekebisha

Glock 19 ina takriban milimita 153 kati ya saiti ya mbele na ya nyuma. Kosa lako ni milimita 80, shabaha iko milimita 15,000. 153 × 80 ÷ 15,000 inakupa 0.8. Nguzo yako imezidi urefu kwa kama milimita 0.8. Hiyo tu! Unene wa kadi ya benki ndio unaokunyima usingizi.

Upande wa kurekebisha watu huwa wanauchanganya. Saiti ya nyuma inaifuata risasi: unataka risasi iende kulia, isogeze kulia, unataka ipande, ipandishe. Ya mbele ni mpinzani: unataka risasi ipande, ishushe.

Na usichukue tupa ukaanza kusaga nguzo ya faiba, kwa sababu uzi wenyewe unapita karibu na juu, utaula. Nguzo nyeusi tupu ndiyo unaweza kuisaga, tena kidogo kidogo, piga, saga, piga. Chuma kilichoondoka hakirudi.

#5 Mzee Kijana

Fundi, asante sana. Nitafanya jaribio la mchanga Jumamosi. Swali la kijinga kidogo: hiyo hesabu inamaanisha bastola ndefu ni sahihi zaidi?

#6 Fundi Tupa

Si swali la kijinga. Bastola yenyewe si lazima, kupanga saiti ndiko kunakuwa rahisi. Saiti zikiwa mbali, kosa dogo la kuzipanga linaonekana mapema.

Glock 17 ina kama milimita 165 kati ya saiti, Glock 26 ile fupi ina 137. Ukikosea kupanga kwa milimita moja tu, kwenye mita 25 ya kwanza inakupeleka sentimita 15 pembeni, ya pili 18. Kwenye mita 7 tofauti yake ni milimita 9 hivi, huioni. Kwa hiyo mwenye bastola fupi ya kubeba asijisumbue kununua saiti za mashindano zenye skrubu mia. Anahitaji kitu cha kuonekana haraka.

#7 Miwani

Natengeneza miwani kwa kazi na kupiga shabaha kwa starehe, kwa hiyo nitabaki kwenye jicho. Watu wanarukia chuma wakati tatizo la Mzee Kijana lilianza kichwani.

Jicho linaweza kuona wazi umbali mmoja tu kwa wakati. Una vitu vitatu vya kuangalia: saiti ya nyuma, ya mbele, na shabaha. Viwili lazima viwe na ukungu. Tangu zamani tunafundishwa ukungu tuwaachie saiti ya nyuma na shabaha, nguzo ya mbele ndiyo ichongoke. Ukiwa na miaka 25 jicho linakutii. Kuanzia arobaini na kitu lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa na haijikunji tena kwa vitu vya karibu. Si ugonjwa, ni umri, na hakuna anayeukwepa.

Sasa kosa ninaloliona kila wiki: mtu anavaa miwani yake ya kusomea kwenda uwanjani. Ile imetengenezwa kwa kitabu kilicho sentimita 40 kutoka usoni. Nguzo ya mbele, mikono ikiwa imenyooka, iko kama sentimita 70. Lenzi ya +2.50 ukungu wake unaisha kwenye sentimita 40, ya +1.50 kwenye 67, ya +1.00 kwenye mita 1. Unaona? Ukivaa ya kusomea, nguzo inabaki na ukungu na shabaha inatoweka kabisa.

Nenda kwa mpimaji na kijiti. Pima nyumbani umbali kutoka jichoni hadi nguzo ya mbele, bastola ikiwa tupu na umeikagua mara mbili, kata kijiti cha urefu huo, umwambie "nataka kuona wazi hapa". Bastola iache nyumbani, tafadhali. Nilishawahi kuletewa.

Wengi wanaishia na lenzi dhaifu kidogo kuliko hesabu inavyosema, ili shabaha nayo isipotee mno. Weka lenzi hiyo kwenye jicho la kulengea tu, jingine libaki la mbali. Siku mbili za kwanza utasikia kizunguzungu, kisha ubongo unazoea.

Na vile vitone vitano ulivyoviona: kitone chenye ukungu kinavimba kingo, na kikiwa karibu na kingine vinaingiliana. Ukiwa na astigmatizimu, yaani jicho halijapinda sawasawa pande zote, kimoja kinakuwa viwili.

#8 Mzee Kijana

Miwani, umenisoma. Mimi ni mtu wa kuinua kidevu kutafuta sehemu ya chini ya miwani! Halafu kuna kitu sikuwahi kukielewa: saa sita mchana napiga vizuri, jioni navurunda. Nilidhani ni uchovu.

#9 Miwani

Si uchovu. Jua likiwa kali mboni inajifinya, na tundu dogo linanoa picha, ya karibu na ya mbali. Jioni mboni inafunguka, ukungu unarudi. Jaribu: toboa karatasi kwa sindano, chungulia kupitia tundu hilo. Kila kitu kinachongoka, ila giza linaongezeka. Wapiga shabaha wengine hubandika kipande cha utepe chenye tundu kwenye miwani. Kwa karatasi inafaa. Kwa kujilinda hapana, unajifungia dunia nzima nje.

#10 Nguzo Nyeusi

Sasa niseme la moyoni. Vitone vitatu vyeupe ni mbuzi kwenye gunia. Kwenye kaunta vinavutia, mnunuzi anapanga vitone mstari mmoja, anafurahi. Uwanjani jicho linapewa vitu vitatu vinavyong'aa sawasawa na halijui kipi ni bosi. Tena kitone cha mbele kikiwa sawa na vya nyuma, haina maana kwamba juu ya nguzo iko sawa na juu ya saiti ya nyuma, inategemea vilivyochorwa.

Mimi nataka nyuma nyeusi tii, yenye mikwaruzo ya kuzuia jua lisimetemete, na mbele kitu kimoja cha kuvuta jicho. Mzee Kijana, chukua kalamu ya wino mweusi usiofutika, funika ule mstari mweupe wa nyuma. Gharama yake unaijua. Piga wiki mbili uone.

Cha pili ni upana, ambao hakuna anayeuuliza dukani. Nguzo nyingi zina milimita 3.2. Ikiwa sentimita 70 kutoka jichoni, kwenye mita 25 inafunika sentimita 11 za shabaha. Nguzo ya milimita 2.5 inafunika 9. Ndiyo maana wa mashindano wanapenda nyembamba. Lakini nyembamba kwenye jicho la miaka 48 ni kutafuta uzi gizani. Muhimu ni mwanga unaobaki kulia na kushoto kwa nguzo ndani ya pengo la saiti ya nyuma. Ukiwa mwembamba mno unachelewa, kwa sababu unahangaika kuuona. Ukiwa mpana mno unafyatua haraka na kukosea haraka. Mimi napenda kila upande uwe kama theluthi ya nguzo. Wengine watabisha.

Umbo hili la nguzo ya mraba ndani ya pengo la mraba alilisukuma Mmarekani mmoja, E. E. Patridge, mwishoni mwa karne ya 19. Tangu hapo watu wamejaribu V, pembetatu, kila kitu, na bado mraba unauzwa. Jicho linajua kulinganisha mistari iliyonyooka.

#11 Dada Mita25

Nabisha kidogo. Mimi napigia karatasi tu, polepole, na nataka mwanga mwingi kuliko wako, karibu nusu ya nguzo kila upande. Mkono unatikisika, ukiufinya mwanga unaanza kulifukuza pengo.

Mzee Kijana umetaja mashindano, basi soma kanuni kabla ya kununua. Kwenye bastola za ISSF, zile za Olimpiki, saiti za wazi tu, nguzo na pengo, ndizo zinaruhusiwa, doti hairuhusiwi. Kwenye IPSC, yale mashindano ya kupiga kwa haraka, daraja la Production ni saiti za chuma, doti ina daraja lake la Production Optics, na Open ndiko kila kitu kinaingia. Ukifunga doti leo, kesho unaweza kujikuta unashindana na watu wengine kabisa.

Halafu hujasema unalenga wapi! Sisi wa karatasi tunaweka duara jeusi likae juu ya nguzo kama chungwa juu ya meza, na saiti zinarekebishwa risasi iingie katikati. Mwingine analenga nguzo ikate katikati ya duara. Mwingine kitone chenyewe kifunike shabaha. Kama saiti zako zilirekebishwa kwa namna ya tatu na wewe unalenga kama mimi, utapiga chini hata kama hakuna kilichoharibika.

#12 Mzee Kijana

Mama yangu. Nikiwa na saiti za kiwandani nilikuwa nalenga kwa juu ya nguzo. Na hizi za faiba pia, juu ya nguzo.

#13 Dada Mita25

Basi upo thabiti, ni hesabu ya Fundi tu. Ila jaribu kukiweka kile kijani chenyewe katikati ya shabaha. Ikiwa risasi zinapanda hadi katikati, mtengenezaji alikusudia hivyo.

#14 Kobe

Mimi nina bastola ya gurudumu (rivolva), mtutu mfupi. Saiti ya nyuma ni mfereji tu uliochongwa kwenye chuma, haitoki, haisogei. Nilifuta nguzo ya mbele kwa spiriti, nikapaka rangi nyeupe ya kucha, ikakauka, juu yake nikapaka ya machungwa inayowaka. Nyeupe ya chini ndiyo siri, bila hiyo rangi inafifia juu ya chuma cheusi. Ikichubuka narudia. Mwaka wa tatu huu.

Nimemaliza.

#15 Nguzo Nyeusi

Kobe ndiye mwenye akili kuliko wote humu.

#16 Doti_Tu

Nilitania mwanzoni, sasa niseme kwa adabu, maana mzee amenyooka.

Doti inaondoa lile tatizo la Miwani la vitu vitatu. Unaangalia shabaha, macho yote mawili wazi, na doti inaonekana iko kule kule kwenye shabaha. Jicho halihitaji kujikunja kwa sentimita 70. Kwa mtu wa miaka 48 hiyo ni zawadi. Lakini kuna mambo wauzaji hawayasemi.

Kwanza, ile astigmatizimu. Wengine wakiangalia doti wanaona nyota iliyopondwa au mkia wa kimondo. Kabla ya kununua, chungulia ya mwenzako. Izungushe taratibu: mkia ukibaki ulipo wakati doti inazunguka, kasoro ni ya jicho lako. Au ipige picha kwa simu, kamera ikiona duara safi, ujue ni wewe. Kupunguza mwanga wa doti husaidia sana, watu wengi wanaiwasha kama kurunzi.

Pili, ukubwa. Vipimo vinaandikwa kwa dakika za pembe, na dakika moja ni milimita 29 kwenye mita 100. Doti ya 3 kwenye mita 25 inafunika kama milimita 22, ya 6 inafunika 44. Linganisha na zile sentimita 11 za nguzo. Mimi napenda ya 6 kwa haraka, wa karatasi achukue ndogo.

Tatu, na hii ndiyo inawakatisha tamaa: mwezi wa kwanza utainua bastola na doti haipo. Utaitafuta kama mtu aliyeangusha pete kisimani. Haijapotea, ni kiwiko chako. Saiti za chuma zilikuwa zinakusamehe, kwa sababu ukiinua vibaya unaona nguzo imekaa upande na unajua urekebishe wapi. Doti ikitoka nje ya kioo haikuambii imeenda wapi. Dawa ni kuchomoa na kuinua bila risasi, mara hamsini kwa siku, chumba kisicho na risasi hata moja. Halafu bandika utepe mbele ya kioo. Ukiwa na macho mawili wazi bado utaona doti juu ya shabaha, jicho moja linaleta doti, jingine linaleta dunia. Usipoiona hivyo, ujue ulikuwa unaiangalia doti badala ya shabaha.

Nne, slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayobeba doti, inarudi nyuma na mbele kwa fujo kila risasi. Skrubu zinalegea. Safisha mafuta, weka ile gundi ya skrubu ya bluu inayoruhusu kufungua, kaza kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, kisha chora mstari mdogo wa rangi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye mwili wa doti. Mstari ukikatika, imelegea.

Tano, doti za wazi, ambazo taa yake haijafunikwa, tone la maji au nyuzi za nguo zikikaa juu ya taa yake, doti inakuwa wingu. Zile zilizofungwa kama kisanduku hazina shida hiyo, ila ni nzito na pana zaidi. Anayebeba chini ya nguo atafakari.

Na acha saiti za chuma ndefu zinazoonekana kupitia kioo. Betri haikutumii barua kabla ya kufa.

#17 Msomaji Kimya

Nimekuwa nasoma tu. Tritiamu mmeipita haraka. Mimi nina bastola ya nyumbani, si ya karatasi. Je?

#18 Fundi Tupa

Tritiamu inajiwakia yenyewe, haihitaji jua wala betri. Ni gesi ndani ya kichupa cha kioo kilichopakwa unga unaong'aa. Nusu ya nguvu yake inaisha kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo ukinunua bastola ya mkono wa pili angalia mwaka ulioandikwa kwenye saiti. Kichupa kikipasuka usikichokoe, fungua madirisha, mpe fundi.

Ila jiulize ni giza gani. Giza ambalo huoni uliye mbele yako, huna ruhusa ya kufyatua hata saiti zikiwaka kama mwezi. Anaweza kuwa mtoto wako ameamka kunywa maji. Kwa hiyo utahitaji tochi, na tochi ikiwaka saiti yoyote inaonekana nyeusi juu ya mwanga. Tritiamu inafaa ule muda wa katikati, alfajiri na magharibi, wakati shabaha unaiona na saiti huioni. Chukua yenye nguzo ya mbele inayong'aa na duara la rangi pembeni yake, nyuma iwe nyeusi au yenye mwanga hafifu zaidi.

Na saiti ya nyuma iwe na uso uliosimama wima kwa mbele, siyo mteremko. Mkono mmoja ukiumia, unaikwamisha kwenye mkanda na kuvuta slaidi.

#19 Doti_Tu

Kuhusu leza hakuna anayeuliza?

#20 Nguzo Nyeusi

Hakuna.

#21 Mzee Kijana

Wakuu, marejesho.

Jumamosi nilipiga juu ya mfuko wa mchanga, tano mimi, tano kijana mmoja wa klabu. Matundu kumi yangeweza kufunikwa na kiganja, yote chini. Fundi ulikuwa sahihi. Nilijaribu pia la Dada Mita25 la kuweka kijani katikati, zikapanda lakini hazikufika, bado chini kwa vidole viwili. Nimepata nguzo nyingine ya faiba, fupi kwa milimita 0.8. Fundi wa silaha wa huku ndiye aliitoa ile ya zamani, maana mikono yangu ilitetemeka kuliko yake. Sasa kwenye mita 15 zinaingia ninapolenga.

Mstari wa nyuma nimeufunika kwa wino. Jambo la ajabu, siku ya kwanza nilihisi nimepoteza saiti ya nyuma, siku ya tatu nikasahau iliwahi kuwa nyeupe.

Miwani, nilienda na kijiti. Kilikuwa sentimita 68. Mpimaji alicheka, kisha akanipa +1.25 jicho la kulia. Jioni juzi nilipiga hadi wakafunga uwanja.

Doti nilichungulia ya rafiki yangu. Mkia wa kimondo, na nilipoizungusha mkia haukusogea.

#22 Miwani

Basi jicho la kulia lina astigmatizimu. Je, mpimaji aliliweka hilo kwenye lenzi mpya, au alikupa +1.25 tupu?

#23 Mzee Kijana

Tupu. Sikujua kuuliza.

#24 Miwani

Rudi ukamwombe lenzi yenye marekebisho yote mawili, kisha chungulia doti tena ukiwa umevaa miwani yako ya mbali yenye marekebisho hayo hayo, siyo ya +1.25.

#25 Doti_Tu

Nasubiri.